Kilo Tisa za Mawe

Wengine hupata aibu zao nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, na hiyo ni bahati. Mimi yangu niliipatia kwenye kituo cha majani chai, saa tisa mchana, siku ambayo kila boma lilikuwa limechuma. Nimekubali kuieleza mwenyewe kwa sababu kila mtu huku kwetu ameshaieleza kwa namna yake, na kwa wengine mawe yamefika gunia zima na karani amevunjika mguu. Hakuvunjika mguu. Aliumia kidole kimoja, na nilimpelekea maziwa.

Mimi huitwa Mama Chepkirui. Shule niliacha darasa la sita, kwa hiyo nikikosea mahali mtanivumilia. Tuna shamba dogo la chai upande huu wa Sotik, na ng'ombe wawili, na mpaka mwaka jana nilikuwa na mume.

Baba Chepkirui alikuwa mtu wa hija. Kila mwaka alitembea kwa miguu na watu wa kigango chetu mpaka Subukia, kwa Mama Maria, siku sita njiani, wakilala kwenye makanisa na madarasa, na mimi nilibaki kwa sababu ng'ombe hawajikamui. Akirudi amekonda, ananuka moshi na jasho, miguu imevimba kama mikate, nami naweka maji ya moto na chumvi kwenye beseni, namwosha huku namcheka, naye anasimulia. Alisimulia vizuri yule mtu. Alisema kuna mahali mnaamka ukungu umefika mabegani, unaona vichwa tu vya watu vikienda mbele yako vikiimba, miili hakuna. Nilimwambia ni uongo. Akasema, "Mwaka ujao tutaenda pamoja, utaona kwa macho yako." Mwaka ujao ng'ombe akawa karibu kuzaa. Mwaka uliofuata Chepkirui akawa anaolewa. Alienda mara saba, na mara saba tuliahidiana.

Jambo moja alilijivunia kuliko yote, nalo ni mzigo. "Hakuna cha kubebewa," alisema, miguu ikiwa ndani ya beseni. "Kila mtu na wake. Kilo tisa, Mama Chepkirui, kutoka mlango huu mpaka mbele ya altare." Alijua ni kilo tisa kwa sababu siku moja kabla ya kuondoka alilipeleka begi lake kituoni, akalitundika kwenye mizani ya majani, akaita watu waje waone. Akirudi nilimpaka mafuta mabegani, polepole, nikimwonea huruma.

Ugonjwa wake sitausimulia. Ulikuwa mfupi, na sikuwa tayari. Watu husema mjane hushindwa na kitanda. Mimi kilichonishinda ni lile beseni. Msimu wa hija ulipofika tena nikasikia wenzake wakipita njiani kwenda kufanya mazoezi, nikatoka mpaka kwenye ua, nikawaangalia mpaka kona, na nikarudi ndani nikaliona beseni limetundikwa ukutani, kavu. Hapo ndipo nilipoamua kwamba na mimi nitaenda.

Sikuwa na muujiza wa kuomba (nisijifanye mtakatifu). Nilitaka kuona vile vichwa kwenye ukungu. Nilitaka kupita alipopita, hatua kwa hatua, na uzito uleule mgongoni, nijue alisikia nini zile siku ambazo mimi nilikuwa nimekaa hapa nahesabu atakuwa amefika wapi.

Nikaenda kwa Mzee Koros, mwenyekiti wa mahujaji. Yeye pia ni mwenyekiti wa kamati ya kituo cha majani, maana huku kwetu mtu akikubali kiti kimoja anapewa vyote. Aliangalia miguu yangu kabla ya kuangalia uso.

"Mama Chepkirui, hii inaweza?"

"Inaweza."

"Unafanya mazoezi?"

"Nafanya," nikasema, na sikuwa nimetembea popote zaidi ya sokoni.

"Haya. Padre atasoma majina Jumapili ya pili kutoka leo. Lakini nitakuangalia. Hatutaki mtu wa kutuangukia njiani."

Basi nikaanza, na nilitaka kuanza na kilo tisa kamili. Begi lake lilikuwa limeshachukuliwa na ndugu yake siku ya kugawa vitu vya marehemu, kwa hiyo nikatumia kikapu changu cha kuchumia chai, kile cha kuvaa mgongoni kwa kamba mbili. Nilifikiria kubeba mahindi, nikaona nikishindwa njiani itanibidi niyarudishe nyumbani, lakini mawe naweza kuyaacha. Nikateremka mtoni nikachagua saba, ya mviringo, yasiyochoma mgongo. Kuyapima, nilining'iniza fito kwenye mti wa avokado, upande mmoja ndoo yenye gorogoro nne na nusu za mahindi, ule mkebe wa kilo mbili, upande wa pili ndoo ya mawe, nikawa natoa na kuweka mpaka fito ikatulia. Mtu angepita wakati huo angedhani natega ndege.

Na nilificha. Mawe niliyalaza chini kabisa ya kikapu, juu yake nikafunika mfuko mtupu wa unga, kwa sababu mwanamke mjane akionekana anazunguka vilima na mawe mgongoni na hajengi chochote, watu hupigia mashemeji zake simu. Kila asubuhi nikishakamua nilishuka mtoni, nikapanda mpaka kule juu shuleni, nikarudi, nikatoa mawe nikayaweka chini ya ua, ndipo nikaenda kuchuma. Siku ya kwanza niliyaacha matatu njiani. Alasiri nikayafuata, maana nilikuwa nimeyachagua mwenyewe na niliyaonea uchungu. Siku ya tano mabega yalitoka malengelenge. Siku ya tisa nilifika shuleni bila kusimama, nikageuka, nikaona bonde lote lile na chai imejaa mpaka mwisho, nikasema kwa sauti, "Umeona?" Nilishuka ile njia karibu nikikimbia.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, padre alikuwa asome majina Jumapili. Asubuhi mvua ilinichelewesha, nikakosa muda wa kuzunguka, na hapo nikafanya uamuzi mdogo tu, wa mtu anayejiona mjanja: leo nitachuma chai mawe yakiwa mgongoni, nifanye kazi mbili kwa mara moja. Nikaingia kwenye chai na kikapu hivyo hivyo, buti za mvua miguuni, nailoni ya kuzuia maji kiunoni, nikaanza. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mkono unajua wenyewe, na akili yangu ikaondoka ikaenda barabarani. Nikawa natembea naye. Nikamwona mbele yangu na ile kofia yake mbaya. Nikafikiria nitakavyorudi na miguu imevimba na nitakavyojiosha, na cha ajabu ni kwamba sikulia. Nilikuwa nafurahi, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Ndiyo sababu niliyasahau. Nimejiuliza sana, na sina sababu nyingine.

Saa nane na kitu nikasikia Mama Chelangat, jirani yangu, akiita kutoka upande wake wa ua.

"Mama Chepkirui! Lori limekuja mapema leo, toka huko!"

Lori la kiwanda huku hukawia mpaka giza, siku hiyo likaja mapema (nani alilituma, sijui). Tukatoka mbio. Penye ule ukingo wa barabara pana ngazi za udongo, na zilikuwa zinateleza, kwa hiyo nikavua kikapu, nikapanda kwanza, naye Mama Chelangat akanisukumia kutoka chini.

"Aii! Umechuma nini leo, mama? Hiki kimejaa kweli."

"Mungu ni mwema," nikamjibu. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu.

Kituoni kuna meza ndefu za mbao. Kila mtu anamwaga majani yake sehemu yake, karani anapitisha mkono, anatupa vijiti na majani yaliyokomaa, halafu ndipo yanatiwa kwenye mfuko yakapimwe. Watu walikuwa wengi, wanawake wanacheka, vijana wamekaa kwenye reli ya uzio, na karani wetu, kijana mmoja wa kutoka upande wa Kisii anayeitwa Ombati, alikuwa mbele yangu tu. Nikainua kikapu, nikageuza.

Majani ya chai yakianguka hayapigi kelele, yanashuka kama nguo. Yalishuka hivyo, watu wakiendelea na mazungumzo, halafu ukaja mfuko wa unga, halafu go! Go! Go-go-go! Meza ikatetemeka. Jiwe moja likaviringika taratibu, likapita kwenye majani ya watu wanne, likasimama mbele ya Mama Chelangat. Lingine likafika ukingoni, likafikiria kidogo, likaanguka juu ya kidole cha Ombati, ambaye siku hiyo, kwa mkosi wake na wangu, alikuwa amevaa ndala.

"Uwiii! Mathe! Hii ni nini sasa?" Alikuwa anaruka kwa mguu mmoja.

"Huyo anauza chai pamoja na shamba lake!" kijana mmoja akasema kutoka kwenye reli, na kicheko kikaanza.

Lakini kicheko hakikukaa. Lazima mjue kwamba huku kwetu hakuna wizi mbaya kama kutia mawe kwenye majani ili mizani ipande. Jiwe likifika kiwandani likaingia kwenye mashine, hawaulizi ni la nani, kituo kizima kinakataliwa majani. Watu wakaangalia yale mawe saba, halafu wakaniangalia mimi.

"Mama Chepkirui," Ombati akasema, sasa kwa sauti ya kazi. "Hii mawe ni yako?"

Kuanguka kwa mawe hakukuniumiza kama kinachofuata, na ningeweza kukiruka, lakini nimesema nitaeleza yote. Nilisema, "Si yangu."

"Ni ya nani?"

"Sijui. Labda mtu ameniwekea."

Nilidhani neno "mtu" halina mwenyewe. Lakini mama mmoja akasema, "Si kikapu chake kilikuwa mikononi mwa Mama Chelangat pale kwenye ngazi? Mimi niliona." Na mwingine akakumbuka kwamba ng'ombe wa Mama Chelangat alikula majani yangu ya nepia na tukarushiana maneno. Na kweli tulirushiana, watu wote walisikia. Basi vichwa vikageuka kutoka kwangu vikaenda kwake, na mimi (Mungu anisamehe) nikasikia nafuu. Nilisimama pale nikanyamaza.

Mama Chelangat hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Mimi?" akasema. "Mimi niliyelala kwako wiki nzima ulipofiwa? Niliyekupikia uji ukakataa, nikakunywesha na kijiko? Mimi ndio nikuwekee mawe?"

Mzee Koros alikuwa ameshafika, kalamu yake mfukoni, akapewa kitabu cha kamati. Alilishika jiwe moja, akalipima kwa mkono, akalirudisha mezani.

"Nitauliza mara moja," akasema. "Nikishaandika, nimeandika. Kama hatujui ni nani, nitaandika wote wawili, na majani yenu yatakaa nje mpaka kamati ikae. Na Mama Chepkirui, Jumapili siwezi kumpa padre jina lenye mawe. Hija si mahali pa kujifichia."

Nikaona safari yangu inaondoka. Nikikiri, sitaenda, na nitaitwa mwizi mpaka nife. Nikinyamaza, pengine kamati itakosa ushahidi na nitaenda, na yule aliyeninywesha uji na kijiko ataandikwa pamoja nami. Nilifikiria. Msidhani sikufikiria, nilifikiria muda mrefu kuliko inavyofaa, mpaka Ombati akaacha kushika kidole chake.

"Ni yangu," nikasema. "Yote saba. Nimeyatoa nyumbani. Mama Chelangat hajui chochote."

"Ala! Ya nini?" Mzee Koros akauliza.

"Ya mazoezi."

"Ya kwenda jela?" akauliza yule kijana wa kwenye reli.

"Ya hija," nikasema. "Ni kilo tisa. Baba Chepkirui alikuwa anabeba kilo tisa kutoka mlangoni kwetu mpaka mbele ya altare, kila mtu na mzigo wake, hakuna cha kubebewa. Na mimi nataka kubeba hivyo hivyo. Leo nimechuma nayo mgongoni, nikasahau. Nilikuwa namfikiria nikasahau. Uongo nilioongeza hapa ni wa aibu tu, na wizi sikuwa nao."

Mzee Koros akaanza kukohoa. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Nani alikuambia hayo ya mpaka altare?"

"Yeye mwenyewe."

"Baba Chepkirui?"

"Kila mwaka."

"Mama," akasema, akikaza uso kwa nguvu zote, "marehemu alikuwa rafiki yangu na mimi ndiye niliyeshika kamba upande wa kichwa tukimshusha. Lakini huyo mtu hajawahi kupita Kedowa na mzigo mgongoni, hata mwaka mmoja. Kuna pikapu inayobeba sufuria na maji. Siku ya tatu tukifika Kedowa yeye ndiye wa kwanza kurusha begi ndani. Anasema mgongo wake alipewa kwa ajili ya majani, ya Subukia ni miguu. Tukibakisha kama mita mia kufika, anakimbia kulichukua ili aingie nalo."

Yule kijana wa kwenye reli ndiye aliyeanza, halafu Ombati, halafu kituo chote. Hata dereva wa lori alishuka kuuliza kuna nini. Na mimi nikacheka. Miaka saba! Miaka saba nimepaka mafuta mabega ambayo baada ya Kedowa hayakubeba kitu, nikipuliza na mdomo, nikisema pole, pole, naye amefumba macho anasema, "Hapo, hapo hasa." Nilicheka mpaka nikashika meza, na nikiwa nacheka nikajua nataka kumwambia mtu, na mtu mwenyewe niliyetaka kumwambia ni yeye. Nilitaka awe hai nusu saa tu, sikuomba zaidi, aketi pale mlangoni nimgombeze mpaka akose pa kuangalia. Kicheko kikabadilika nikiwa bado nimeshika meza, na watu wakaacha kucheka mmoja mmoja, wakaanza kuokota majani yao.

Sheria haikunihurumia, na ni sawa. Majani yangu ya siku hiyo yalikataliwa, nikayarudisha nyumbani nikayamwaga shambani. Mzee Koros aliandika kwamba sitauza kwa wiki moja, na kwenye sababu akaandika "mawe", akafikiria, akaongeza "ya hija". Ombati alinirudishia mawe yangu kwenye ule mfuko wa unga, akisema, "Mathe, next time vaa begi kama watu wengine."

Mama Chelangat hakuningoja. Jioni nikamfuata kwake, nikamkuta anakamua. Hakuinuka.

"Chamgei," nikamsalimu.

"Ulisema ni mimi," akasema.

"Sikusema ni wewe. Niliacha waseme."

"Hiyo ni mbaya zaidi."

"Najua."

Akaendelea kukamua. Nilisimama pale mpaka ndoo ikafika nusu. Neno nililokuja nalo lilikuwa moja tu, nisamehe, nikalisema mara tatu.

"Kilo tisa," akasema mwishowe, akiuambia ubavu wa ng'ombe, si mimi.

"Kilo tisa."

"Wewe ni mjinga sana, Mama Chepkirui."

"Ndiyo."

"Na ukienda huko, hao ng'ombe wako atakamua nani?"

"Bado sijui."

"Na kuuliza huwezi. Kubeba mawe unaweza, kuuliza mtu huwezi." Akapangusa mikono kwenye leso. "Uniachie na chumvi yao ya kulamba. Yako ikiisha sitanunua."

Jumapili padre akasoma majina ya mahujaji. Langu lilikuwa la mwisho, Mzee Koros alikuwa ameliongeza chini kwa kalamu yake. Alipolitaja, kanisa lote likatoa sauti kama maji yanayotaka kuchemka, na padre, ambaye hakuwa na habari, akainua miwani akaangalia kama amesoma vibaya. Nilisimama nikapungia mkono. Ningefanya nini?

Nimeapa mambo mawili, na mniandikie. Sitaficha tena jambo ambalo ningeweza kulisema kwa sentensi moja njiani. Na nikiulizwa swali mbele ya watu, jibu la kwanza litakuwa la kweli, hata likinitia aibu, kwa sababu nimeona la uongo linavyotafuta mtu wa kumwangukia.

Tunaondoka Jumatatu. Mzee Koros amenitumia ujumbe kwamba, kwa umri wangu, begi langu linaweza kuingia kwenye pikapu tangu asubuhi ya kwanza, hakuna atakayesema kitu. Nimekataa. Nitalibeba siku zile mbili na nusu kama Baba Chepkirui alivyobeba lake. Tukifika Kedowa nitawaambia wenzangu watangulie kidogo, nitalitua chini, nitakaa kando ya barabara na nitamgombeza vizuri, kwa jina lake, mpaka niishiwe. Halafu nitalirusha ndani, niwafuate.